Shajara ya mradi: mokumentari ya kamati ya harusi isiyo na mswada, Moshi

Mradi ni filamu fupi ya dakika 20 hivi, inayopigwa kama makala ya habari ilhali kila kilichomo ni cha kubuni. Mazungumzo hayaandikwi, waigizaji wanayatoa palepale. Ucheshi unaotafutwa ni ule mkavu, ambao hakuna mhusika anayejua kwamba anachekesha. Shajara inaongezwa kila hatua inapokamilika. Bei ni za Moshi mjini mwaka 2024, kwa shilingi.

4 Mei 2024: Muhtasari

Kamati ya harusi ilichaguliwa kwa sababu imekuja na kila kitu: vyeo, ajenda, daftari la ahadi, na watu wazima wanaojadili kreti za soda kwa lugha ya bungeni. Mtu anayesimama na kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kutoa taarifa", halafu taarifa yenyewe ikawa bei ya mkaa wa kuchomea ndafu (mbuzi mzima wa harusi), hahitaji kuongezewa kituko.

Kisa: kamati inaendelea na vikao vya kuandaa harusi ya vijana ambao walishafunga ndoa bomani. Wala hawakujificha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai taarifa ya kusudio itolewe siku 21 kabla, na kwenye hadithi yetu tangazo lilikaa ubaoni siku zote hizo. Mjumbe mmoja tu ndiye aliyelisoma.

Muhtasari una kurasa nne na sini 11. Kila sini ina mistari mitano au sita: nani yupo, kikao kiko kwenye ajenda gani, na jambo gani lazima liwe limejulikana kabla ya kukata. Hakuna sentensi hata moja ya kutamkwa. Ndivyo Christopher Guest na Eugene Levy walivyofanya kwa Best in Show (2000): waliandika mfuatano wa sini na historia za wahusika, maneno wakawaachia waigizaji. Anayetaka kuiga The Office ya Uingereza (2001) ajue kwamba ile kwa sehemu kubwa iliandikwa. Ule uhalisia wake ni kazi ya waigizaji na kamera, kwa hiyo akae chini aandike mswada.

Kibali cha kupiga picha, na ukaguzi kabla ya kuonyesha hadharani, ni mambo ya Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Kwa filamu isiyo na mswada, muhtasari ndio unaoambatanishwa, basi uandikwe ueleweke hata kwa asiyekuwepo mezani.

18 Mei: Mazoezi ya kwanza, na kilichoyaharibu

Jaribio la kwanza lilimpa kila mwigizaji mhusika na uhuru: wewe Mwenyekiti mkali, wewe Mweka Hazina mwenye wasiwasi, haya endeleeni. Halikufaa. Hazikupita dakika tatu watu wakawa wanapandishiana sauti, na kila aliyeingia alijaribu kumzidi aliyetangulia.

Chanzo kinaeleweka. Mwigizaji asiye na taarifa mkononi hana malighafi nyingine ila hisia, na hisia iliyo karibu kuliko zote ni hasira. Juu ya hapo, wengi wamelelewa na vichekesho vya jukwaani na vya kwenye simu, ambako ukinyamaza sekunde mbili mtazamaji ameshakuhama. Macho yanakodolewa, sauti inabanwa puani, lafudhi inaigwa. Kuwaambia "punguza" hakusaidii: wanafanya kilekile kwa sauti ya chini.

Kilichosaidia ni makaratasi. Vifuatavyo vilitengenezwa na kuwekwa mezani:

- Kaunta buku ya kwaya mbili, 4,500. Ndani yake majina 60 ya kubuni, kiasi alichoahidi kila mmoja na alicholipa. Jumla ya ahadi ni 4,200,000. Taslimu ni 180,000.
- Kitabu cha risiti, 2,500.
- Muhuri wa kuchonga, 15,000. Usifanane na wa ofisi yoyote ya serikali.
- Kadi 100 za mchango, singo na dabo, 50,000.

Jumla 72,000, na hakuna fedha nyingine kwenye mradi huu iliyozaa kicheko zaidi. Mweka Hazina aliyekuwa akipiga kelele alipofunguliwa daftari akaanza kutafuta jina kwa kidole, mstari kwa mstari, huku kikao kizima kikimsubiri. Mikono ikiwa na kazi, uso unatulia wenyewe.

Kwenye ukurasa wa bajeti, mkaa umeandikwa mara mbili kwa makusudi, bei mbili tofauti. Hakuna mwigizaji aliyeambiwa. Atakayeliona mbele ya kamera ataamua mwenyewe kulisema au kulifunika, na kuamua huko ndiko tunakotaka kukupiga picha.

25 Mei: Bahasha

Kila mwigizaji sasa anapata bahasha yenye mistari mitatu: unachotaka kikao kiamue, unachoficha, na jambo moja unaloliamini kabisa ambalo si kweli. Mstari wa tatu ndio unaobeba ucheshi. Wa Mwenyekiti unasema: "Unaamini ukumbi umelipiwa." Wa Mama wa Vinywaji: "Unaamini wewe ndiye makamu mwenyekiti."

Mwanzoni siri ya ndoa ya bomani ilisomwa mbele ya wote ili kila mtu ajue hadithi inakoelekea. Matokeo yake wote waliicheza siri. Wakatupiana macho, wakakohoa, wakasema kwa mafumbo. Sasa iko kwenye bahasha ya Katibu peke yake, na mpiga picha naye haambiwi, kwa sababu kamera inayojua siri humwendea mwenye siri mapema mno. Kamera ya makala huchelewa. Mtu akianza kusema, hesabu nusu sekunde ndipo ugeuke. Ukimfikia kabla hajafungua mdomo, mtazamaji anaona mpango.

Marufuku yaliyobandikwa ukutani ni mafupi: hakuna kuanguka, hakuna mwanamume kuvaa gauni, hakuna lafudhi ya kabila. Hili la mwisho lina uzito wake hapa Moshi. Utani wa Mchagga na fedha uko tayari mdomoni mwa kila mtu, na ukishatoka mara moja sini nzima inahamia huko na daftari linasahaulika.

Kutazama lenzi kumewekewa mgawo: jicho moja kwa mhusika kwa sini, na liwe la kuibia. Katibu ameongezewa moja.

1 Juni: Vifaa

Kamera mbili za kukodi pamoja na lenzi ni 160,000 kwa siku. Rekoda ya mezani, 30,000 kwa siku. Vilivyonunuliwa: maiki nne za kubana kwenye nguo, 160,000, memori kadi nne za GB 64, 140,000, diski mbili za nje za TB 2, 460,000. Ukijumlisha makaratasi, ununuzi wote ni 832,000.

Mipangilio: picha 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa Hz 50. Jaribio la picha 24 lilileta michirizi inayotembea kwenye kuta chini ya tyubulaiti, na hakuna programu ya kuhariri iliyoisafisha vizuri.

Kwa Mbps 50 (megabiti kwa sekunde), saa moja ya kamera moja inakula GB 22.5. Kamera mbili kwa saa tano ni GB 225, kadi nne zinatosha kwa siku bila kufuta kitu. Kila jioni nakala inakwenda kwenye diski zote mbili, na diski hizo zinalala nyumba tofauti.

Tatizo kubwa liko kwenye urefu wa teki, yaani kipande kinachopigwa bila kukata. Kamera nyingi za picha mnato, hasa za zamani, hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59. Kwa filamu yenye mswada hilo si kitu, ila kwa kubuni papo hapo kitu kizuri mara nyingi hutokea watu wakishachoka, yaani dakika ya 25 kuendelea. Kamera zikiwashwa pamoja zitazimika pamoja. Washa ya pili dakika 10 baada ya ya kwanza, na kila inayozimika iwashwe tena palepale, daima moja itakuwa macho.

15 Juni: Sini za kikao

Mahali: bustani ya baa maeneo ya Majengo, asubuhi kabla haijafunguliwa, 70,000. Kamati za kweli hukaa sehemu kama hizo, kwa hiyo viti vya plastiki na meza za soda havikuhitaji kupambwa.

Gharama ya siku nzima: kamera na rekoda 190,000, mahali 70,000, posho ya waigizaji sita 180,000, chakula sahani 12 kwa 60,000, nauli 32,000. Jumla 532,000.

Sauti ndiyo iliyosumbua. Maiki za kubana zimechomekwa kwenye simu zilizo mifukoni mwa waigizaji, kila simu ikijirekodi yenyewe kwa kHz 48. Simu isiyowekwa hali ya ndege ikipigiwa, rekodi inakatika, na hutajua hadi jioni. Saa za simu haziendi sawasawa na za kamera, hivyo kwenye teki ya nusu saa midomo huanza kuachana na sauti. Makofi yapigwe mwanzo na mwisho wa kila teki, na maiki ya kamera isizimwe kamwe, maana programu huoanisha sauti kwa mawimbi yake. Rekoda ya mezani ilifichwa kwenye boksi la tishu, ikaokoa sini mbili ambazo maiki ya Mwenyekiti ilikuwa inasugua koti. Satini na koti zito vyote hulia. Plasta ya hospitali, vipande viwili vilivyokunjwa pembetatu na gundi kuangalia nje, mbele na nyuma ya maiki, inamaliza kelele hiyo.

Friji za baa zizimwe. Aliyezizima aache ufunguo wa gari lake ndani ya friji, hataondoka bila kukumbuka kuziwasha. Kuna na mlio ambao hatukuutegemea: jua likichomoza baada ya wingu, bati linatanuka na kupasua "ta, ta" juu ya vichwa kwa dakika kadhaa. Hapo hakuna dawa. Subiri litulie, au mpe Mwenyekiti nafasi ya kutazama juu na kusimamisha kikao, jambo ambalo alilifanya bila kuombwa, akamtaka Katibu aliandike kwenye kumbukumbu.

Kadi za mchango ziligongwa neno MFANO kwa nyuma, na zinahesabiwa zikitoka na zikirudi. Si tahadhari ya bure. Mpita njia alisimama getini akauliza namba ya kutuma mchango.

Kuhusu kurudia: sentensi iliyochekesha ikiombwa tena inarudi ikiwa imekufa. Mwigizaji anakumbuka maneno na kusahau shida iliyoyazaa. Usiseme "rudia ile". Badilisha taarifa moja, mfano mletee Mweka Hazina ujumbe kwamba ahadi ya laki mbili imefutwa, halafu anzeni tena kutoka kwenye ajenda. Na mtu akiangua kicheko usikate. Mwache ainamie daftari. Mara nyingi wenzake watamwuliza kinachomchekesha, na hapo atalazimika kudanganya.

29 Juni: Mahojiano ya kiti

Mhusika mmoja, kiti kimoja, ukuta wenye kalenda. Kamera usawa wa macho, mwuliza maswali amekaa pembeni kidogo ya lenzi. Wengine wote nje, kwa sababu kicheko kilichozuiwa puani kinasikika kwenye maiki kuliko kilichoachiwa.

Awamu ya kwanza ilikuwa na maswali ya kiutani: "Je, kamati hii imewahi kumaliza kitu?" Majibu yakaja ya kiutani, mwuliza na mjibu wakawa wanachezeana, na makala ikafa. Swali lazima liwe kavu kuliko jibu. Kazi yako kwenye kamati ni ipi? Kikao kiliitishwa saa ngapi? Kilianza saa ngapi? (Kiliitishwa saa tisa, kikaanza saa kumi na moja na nusu, na wote waliohojiwa walisema kilianza kwa wakati.)

Mfano wa zamani wa jambo hili uko kwenye This Is Spinal Tap (1984). Guest, akiwa mpiga gitaa, anaonyesha vitufe vya amplifaya vinavyofika 11, na mwongozaji wa makala, anayechezwa na Rob Reiner, anamwuliza tu kwa nini 10 isifanywe iwe na sauti kubwa zaidi. Ni swali la mtu aliyeshika kalamu. Mjibu anabaki na kitu chake mkononi, ananyamaza, halafu anarudia alichosema mwanzo.

Kanuni ya pili: jibu likiisha, mwuliza asitikise kichwa wala kusema "mmh". Ahesabu moyoni hadi tano. Mtu hawezi kuvumilia ukimya mbele ya kamera, ataongeza sentensi, na ile ya nyongeza ndiyo itakayoingia kwenye filamu. Hii ni ya Mweka Hazina, kama ilivyorekodiwa:

"Fedha za kamati ziko salama?"

"Ahadi ziko salama."

"Ziko wapi?"

"Kwenye daftari."

(Ukimya.)

"Na daftari liko kabatini."

(Ukimya.)

"Kabati lina kufuli. Tatizo ni ufunguo, alikuwa nao bwana harusi. Ila yeye hachelewi kupokea simu."

Hakuna aliyepanga habari ya ufunguo. Ilizaliwa kwenye ukimya wa pili, na ikaipa sini ya tisa kazi ya kufanya: kamati inajadili kununua kufuli jipya kwa fedha zilizomo kabatini.

Mwanga: Juni na Julai mawingu ya asubuhi hapa hufunguka bila taarifa. Kamera ikiachwa ijipangie, picha inapanda na kushuka katikati ya jibu. Fungia kila kitu kwa mkono, mkalishe mtu ubavu kwa dirisha, na weka shuka jeupe dirishani. Shuka ni la kuazima.

20 Julai: Kuhariri

Kazi ya kwanza ni kunukuu kila kilichosemwa pamoja na dakika yake. Inachosha na haina njia ya mkato, kwa sababu bila mswada hakuna mahali pengine palipoandikwa nini kipo. Programu ni DaVinci Resolve ya bure.

Toleo la kwanza lilikuwa na dakika 41 na lilichosha, ingawa kila sentensi ya kuchekesha ilikuwemo. Au tuseme kwa sababu hiyo. Vichekesho 50 vilivyopangwa mstari havisogezi uongo mbele, na mtazamaji anaacha kungoja lolote. Kilichofuata ni kuondoa kila kilichochekesha bila kugusa moja ya mambo matatu: ukumbi haujalipiwa, taslimu haitoshi, maharusi wameshaoana. Hotuba nzima ya Mama wa Vinywaji kuhusu tofauti ya kreti na katoni ilikwenda. Ilikuwa nzuri kuliko nyingi zilizobaki.

Mgawanyo wa filamu umechukuliwa kutoka kwenye ajenda: Kufungua kikao, Kumbukumbu za kikao kilichopita, Yatokanayo, Mengineyo. Maandishi meupe, fonti ya kawaida. Chini ya majina ni cheo tu, kama kwenye taarifa ya habari: "Mweka Hazina (anakaimu)".

Sentensi ikiisha, picha ibaki nusu sekunde hadi sekunde moja kabla ya kukata. Ukikata kwenye neno la mwisho umemwambia mtazamaji "hapa ndipo pa kucheka". Kukata kwenda kwa mtu anayeshangaa ni kosa lilelile, na milio ya kuchekesha ya vichekesho vya simu ni kosa hilo likiwa na vuvuzela. Pa kuficha unganisho, tumia viraka: kidole kwenye daftari, kizibo cha soda, feni. Vipigwe vingi mno. Vyetu vya Mwenyekiti havikutosha, na kuna mahali pawili picha inaruka. Pameachwa hivyo, makala za kweli nazo huruka.

17 Agosti: Kuwaonyesha watu

Toleo la dakika 22 lilionyeshwa kwa watazamaji wachache kwenye kibanda umiza, bila kuambiwa ni ya kubuni. Upande wa kisa, mambo yalikwenda. Dakika za mwanzo walikuwa kimya, wakitafuta harusi ni ya nani, na kicheko cha kwanza kilikuja kwenye risiti, si kwenye maneno. Kilichoshindwa ni sauti. Majibu mazuri ni yale ya chini, ya mtu anayejisemea, na yote yalimezwa na feni pamoja na spika za banda.

Marekebisho: kompresa (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ya 3:1 kwenye kila sauti ya mtu, na filamu nzima ikapandishwa hadi LUFS -16, LUFS ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Kipimo cha -23 kinachotumika kwenye utangazaji ni cha chini mno kwa banda au simu. Ukimya usijazwe. Kelele ya chumba, iliyorekodiwa sekunde 30 kila mahali, inawekwa chini yake, vinginevyo mtu anadhani spika imekatika.

Sini ya pili imepunguzwa. Katibu anatazama kamera mara mbili kabla ya mtu yeyote kutaja bomani, na watazamaji wawili walikisia siri hapohapo. Jicho la kwanza limeondolewa.

31 Agosti: Kinachobaki

Ndafu haijapigwa picha. Kumnunua mbuzi, kumchoma mzima na kumpamba kwa ajili ya sekunde nne ni fedha ambayo bajeti haina. Mpango ni kulipia ruhusa kwa mchomaji, 20,000, na kumpiga picha ndafu wa mteja wake akiwa bado jikoni, mteja akiridhia, bila sura ya mtu wala jina la sherehe. Kwenye filamu sauti ya Mwenyekiti itakuwa inasoma bei ya mkaa, ile ya kwanza, kisha ile ya pili.